Weka Nyundo Chini: Kwa Mafundi Wapya wa Mashine za Silinda

Leo asubuhi, kabla sijavuka mlango wa karakana, nimesikia mlio ninaouchukia kuliko yote: nyundo juu ya chuma cha kasti, kile cha kumiminwa kwenye kalibu. Kijana wangu, mwezi wake wa pili hapa Jinja, Uganda, alikuwa ameilaza ubavuni Atco ya inchi 17, mashine ya kukata nyasi kwa silinda ya visu inayozunguka, tindo mkono mmoja, nyundo mkono wa pili, jasho linamtoka, anapambana na nati ya silinda. Nikampokonya nyundo hata kabla ya salamu. Yeye ni wa sita kunifanyia hivyo, na wote sita ni vijana wazuri, wenye mikono mizuri na haraka ileile moja. Basi naandika, ili wa saba asome kabla ya kushika spana.

Najua mnavyoziona mashine hizi. Mji mzima unakata nyasi kwa slasha, au kwa zile za kuvaa begani zenye uzi wa plastiki, halafu anakuja mzee na lichuma zito lililolala stoo tangu wenye nyumba Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, anataka liimbe tena. Baadhi yenu mnacheka. Mimi nimeona uwanja wa nyasi za paspalamu ukikatwa na silinda iliyonolewa sawasawa, mistari ya kijani iliyoiva na iliyofifia ikifuatana kwa sababu rola imelaza nyasi huku na kule, na mwenye nyumba amesimama barazani hana neno. Naipenda kazi hii, ndiyo maana nafoka.

1. Rangi ni ya mwisho.

Nimeshapata kijana aliyeanza kwa kopo la rangi ya kijani akapaka kila kitu hadi cheni, ikakauka, ikasimama yenyewe kama fimbo ya mchungaji. Tulicheka wote, yeye kwa sauti kubwa zaidi, kisha akakaa siku mbili kuisafisha. Rangi ya zamani mara nyingi ina madini ya risasi, kwa hiyo usiipige msasa mkavu; lowesha kwanza, na vaa kitambaa puani. Kibao cha jina usikiguse kwa brashi ya waya.

2. Spana za milimita ziweke mbali.

Mashine hizi ni za Uingereza ya zamani: nyuzi za boliti zake ni za kipimo cha Whitworth na ndugu zake, vipimo ni inchi. Boliti ya milimita 8 utaiona inaingia kwenye tundu la 5/16, inaingia mizunguko miwili, mitatu, moyo unafurahi. Kisha inakaza. Hapo ndipo mnapoongeza nguvu, na hapo ndipo mnapoua tundu, kwa sababu 5/16 ya Whitworth ina nyuzi 18 kwa inchi na ile ya milimita haina hesabu hiyo, hata pembe ya jino si moja: digrii 55 kwa 60. Boliti ikikataa kwa vidole, itoe. Kila boliti ya zamani unayoitoa, hata iliyoliwa na kutu, irudishe kwenye mkebe wake. Hiyo ndiyo sampuli ya kumpelekea fundi wa lezi, ile mashine ya kuchonga chuma.

3. Nati ya silinda.

Hapa kaeni chini.

Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa na miaka minne kwenye kazi hii na nilijiona nimemaliza kusoma. Mzee mmoja mstaafu, jirani wa karakana yetu ya wakati ule, aliniletea mashine ya inchi 14, kibao cha jina kimeng'oka zamani. Binti yake alikuwa anafanya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, baada ya wiki tatu na wageni wangekaa uwanjani. Alitaka mistari. Aliniambia babaye aliisukuma mashine ileile na yeye akiwa mtoto alikuwa akikimbia nyuma yake akiokota nyasi zilizoruka nje ya kikapu. Nikamwambia, "Mzee, wiki mbili tu."

Nilitoa kava ya cheni, nikafika kwenye nati inayoshika giya ya silinda. Nikatia spana, nikavuta kushoto, kama kila nati niliyokuwa nimefungua maishani. Haikutingishika. Nikapachika bomba la maji la mita moja kwenye spana. Haikutingishika. Mwalimu wangu alikuwa amesafiri kwenda Tororo, na mimi sikutaka kumpigia simu kwa ajili ya nati moja. Nikachukua tindo na nyundo.

Nati ile ilikuwa na nyuzi za kushoto. Kwenye mashine kama ile, mzunguko wa cheni ungeilegeza nati ya kawaida, kwa hiyo aliyeiunda aliigeuza: inafungwa kwa kushoto, inafunguliwa kwa kulia. Kila nguvu niliyoitia ilikuwa ya kukaza. Pigo la nne au la tano likatoa sauti tofauti, fupi, kavu, kama kikombe cha udongo kikianguka jikoni. Ubavu wa mashine ulikuwa umepasuka kutoka kwenye nyumba ya beringi hadi kwenye tundu la rola.

Chuma cha kasti hakikunjiki. Chuma cha kawaida ukikipiga kinabonyea, kinakupa onyo. Kasti inavumilia, inavumilia, halafu inapasuka mara moja.

Mngeniuliza kosa langu liko wapi, mngesema ni nyundo. Hapana. Nyundo ilikuwa ujinga, na ujinga una dawa. Kosa ni lililofuata. Nilitazama mlangoni, nikaona hakuna mtu. Nikaichukua mashine kwa welda wa jirani, nikamwambia achomelee kwa fimbo za kawaida, zilezile za mageti na madirisha, haraka, bila kupasha moto kwanza. Yeye aliniuliza, "Hii si kasti?" Nikamjibu choma tu. Kisha nikasaga mshono ukawa laini, nikapaka puti ya magari juu yake, nikapiga rangi tabaka mbili. Mwalimu aliporudi aliipapasa mashine akasema imependeza. Sikusema kitu. Usiku ule sikulala vizuri, na bado sikusema kitu.

Mzee aliichukua Alhamisi. Ijumaa jioni alitoka kukata mwenyewe, maana hakutaka kijana yeyote aguse uwanja wa siku ile. Alikata mistari minne. Kwenye wa tano ubavu ukafunguka pembeni kidogo mwa mshono, pale ambapo fimbo ya kawaida hukigeuza chuma kikawa kigumu kama glasi. Silinda ikashuka upande mmoja, ikang'ata kisu cha chini, visu viwili vikapinda, na kila kitu kikakwama na injini ikazima.

Niliitwa. Nilimkuta amepiga magoti kwenye nyasi ameshika kipande mkononi. Puti inaonekana haraka, ni ya rangi ya waridi. Aliikwangua kwa ukucha, akaniangalia, akauliza neno moja: "Ulijua?"

Nikasema ndiyo.

Hakupaza sauti. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na slasha tatu, akawapa wapwa zake mbili na ya tatu akabaki nayo. Nilimwomba anipe. Akanipa. Tulikata hadi giza, na kesho yake wageni walikaa kwenye uwanja wenye mistari minne upande mmoja na alama za slasha kwingine kote. Harusi ilifuata, wajukuu wapo, mambo yalikwenda. Lakini nilikuwa nimemnyima kitu alichokingoja, na nilikuwa nimemnyima kwa kuuficha ufa, maana wiki mbili kabla ya siku ile ubavu ungeweza kutengenezwa.

Nilipomweleza mwalimu kila kitu, hakunifukuza. Alinituma Katwe, mtaa wa mafundi chuma Kampala, na vipande vyote viwili kutafuta wasubu chuma wakubali kutoa kimoja kipya. Tuliunganisha vipande, tukavitumia kama sampuli kwenye mchanga, kikatoka ubavu mzuri ambao haukuingia. Kasti ikipoa inasinyaa karibu asilimia moja, kwa hiyo ukitumia kitu chenyewe kama sampuli unapata mtoto wake aliye mdogo kidogo, na matundu ya beringi hayakutani. Ikabidi tuchonge sampuli ya mbao yenye ziada, tusubu upya, kisha fundi wa lezi atoboe matundu kwa kipimo. Miezi miwili, na gharama yote juu yangu. Mzee aliipokea, akaikagua chini na juu bila haraka, akanilipa pesa ya kunoa tu, akasema, "Mwakani uilete mwenyewe." Nimekuwa nikiipeleka kila mwaka kabla ya mvua za Machi.

Kwa hiyo: kabla ya kuvuta nati yoyote ya silinda, safisha ncha ya shafti kwa brashi na utazame nyuzi zinapandia upande gani. Loweka siku mbili, tatu, kwa dizeli iliyochanganywa na oili ya giyaboksi ya otomatiki. Pasha moto taratibu pande zote. Na ikipasuka mikononi mwako, njoo uniambie siku ileile. Kasti inaungwa kwa shaba nyeupe au fimbo za nikeli, ncha za ufa zikitobolewa kwanza ili usiendelee, ikipashwa moto nzima, kisha ikazikwa kwenye jivu kavu ipoe usiku kucha. Naweza kuokoa ufa. Siwezi kuokoa ufa nisioujua.

4. Kunoa.

Silinda inakata kama mkasi, na kisu cha chini ndicho nusu ya pili ya mkasi huo. Edwin Budding, yule fundi wa Gloucestershire aliyeianzisha mwaka 1830, alitoa wazo kwenye mashine za kiwandani za kupunguza manyoya juu ya kitambaa cha sufu; fikiria kitambaa, si shamba la mahindi. Kwa hiyo nani aliwafundisha kunoa kila kisu peke yake kwa grainda ya mkono, kwa macho? Mnatoa silinda nene katikati na nyembamba pembeni, na chuma kikigeuka bluu kwa joto kimeshakufa ukali. Kama imeharibika sana iende lezi. Kama ni butu tu, paka pesti ya kusagia valvu, izungushe kinyumenyume polepole kwa drili hadi kila kisu kiwe na mstari wa kijivu usiokatika mwanzo hadi mwisho, osha kwa mafuta ya taa, na pesti isifike kwenye beringi.

Marekebisho: robo mzunguko skrubu ya upande wa kulia, robo ya upande wa kushoto, jaribu karatasi. Ukurasa wa gazeti la Bukedde ukatike safi urefu wote wa kisu. Mkikaza hadi silinda ilie, mnasaga chuma, hamkati nyasi.

5. Mengine.

Vile vyuma vidogo vinavyolia ndani ya magurudumu ya mashine za kusukuma, vya upande wa kulia na vya upande wa kushoto viwekwe mikebe tofauti. Ukivibadilisha upande, magurudumu yanazunguka na silinda imelala. Injini ya Villiers ya kuchanganya oili ilitaka oili sehemu 1 kwa petroli 16, usikisie kwa kofia ya chupa. Toa waya wa plagi kabla ya kugusa silinda, hata kama tangi ni kavu, hata kama mimi sipo. Mwambie mteja aokote mawe ya murami kabla hajaanza kukata.

Kijana wa leo asubuhi nilimpeleka nyuma ya mlango, pale ule ubavu mdogo wa kwanza wa Katwe ulipotundikwa. Nilimsimulia yote haya. Aliupapasa kwa muda, kisha akarudi kwenye Atco, akachukua brashi, akasafisha ncha ya shafti, akainamisha kichwa kuangalia nyuzi. Akaniita. "Mzee, zinapandia kushoto."

Tumeilowesha. Keshokutwa, jua likiwa bado dogo, ataifungua yeye mwenyewe, kwa kulia.