Buldak Carbonara: pima maji, zima moto mapema

Ukikuta kwenye rafu pakiti ya pinki yenye kikatuni cha kuku, hiyo ndiyo Buldak Carbonara ya Samyang, kampuni iliyoanza kuuza tambi za papo kwa papo Korea Kusini mwaka 1963. Si tambi za mchuzi. Wengi wanaichemsha, wanamwagia kila kitu kwenye maji mengi, kisha wanalalamika kwamba wamekula maji ya pilipili yanayonuka maziwa.

Ndani kuna tambi nene, sosi nyekundu na unga wa maziwa na jibini. Carbonara ya Italia ni yai, jibini, pilipili manga na nyama ya nguruwe; hii imechukua jina na ulaini tu. Hata hivyo, kama unajali, tafuta alama ya halali kwenye pakiti yenyewe, usikisie.

Chemsha mililita 600 za maji mpaka yatokote kwelikweli, ndipo utie tambi. Pakiti inasema dakika 5. Hapa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo ongeza nusu dakika, hasa kama mkaa umeanza kulegea. Kata uzi mmoja uutazame: ukiona kidoa cheupe katikati, bado.

Kazi yenyewe iko kwenye maji unayobakiza. Usikadirie kwa macho. Mwaga yote kwenye bakuli, kisha rudisha sufuriani vijiko 8 vya chakula. Maji hayo yana wanga wa tambi, na wanga ndio unaoshikanisha mafuta ya sosi na unga wa maziwa. Yakiwa machache, sosi inashika chini na kuungua, na moshi wa pilipili iliyoungua utakohoza nyumba nzima. Yakizidi, utamu wote unabaki chini ya bakuli.

Tia sosi, moto uwe mdogo, geuza kwa nusu dakika. Asiyezoea aanze na nusu ya sosi. Kuongeza ni rahisi, kupunguza haiwezekani. Kisha zima moto kabisa. Ndiyo, kabisa. Unga ukiangukia sufuria inayotokota, nje yake hulowa na kujifunga kabla ndani hakujapata maji, basi unabaki na madonge. Njia ya uhakika ni kuukoroga kwanza kwenye kikombe na vijiko 2 vya maziwa ya baridi, halafu umimine huku unageuza. Ukifanya hivyo, maji ya tambi yawe vijiko 6.

Kwa ulaini zaidi tumia maziwa fresh, si mtindi; mtindi hukatika kwenye sufuria ya moto. Mtindi kaa nao pembeni kwenye glasi, maana kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki kwenye maji, bali mafuta na protini ya maziwa ndivyo vinavyokiondoa ulimini. Soda ya baridi inakudanganya kwa sekunde chache tu.

Chumvi usiongeze hata chembe. Dagaa wa ziwani wanakubali sana hapa: toa vichwa, osha mpaka mchanga uishe, kausha, kaanga wakauke, na uwanyunyize juu wakati wa kula ili wasilowe. Minofu ya sangara ikaangwe kando kwa vipande vidogo, kwani ukiigeuza ndani ya tambi inasagika. Sato mwache, miiba ndani ya tambi ni kutafuta ajali.

Mwaka 2024 mamlaka ya chakula ya Denmark iliziondoa madukani aina tatu za Buldak kwa ukali wake. Carbonara haikuwemo, lakini usimpe mtoto, na mwenye vidonda vya tumbo aipite.

Uile ikiwa moto. Ikilala, tambi hunywa sosi yote. Kijiko kimoja cha maziwa kwenye moto mdogo huifufua kidogo, si sana. Kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa jicho.