Kabla hujabeba gravimita kwenda Manyara

Msimu wa fildi ukikaribia, vijana wa jiolojia hapa Arusha hunipigia simu na kichwa cha utafiti kilekile: kutumia data za mvutano wa dunia, zinazopimwa kwa gravimita, kueleza matetemeko ya kwetu. Kichwa kizuri. Ila wengi wanataka ramani ya mvutano iwaambie tetemeko litapiga wapi na lini, na hilo haiwezi. Inachokupa ni makadirio ya unene wa ganda la dunia, na hicho si kidogo.

Chukua Manyara. Ndani ya Bonde la Ufa ungetegemea miamba ya chini iwe ya moto, iliyolegea, isiyovunjika kwa kishindo. Lakini matetemeko mengi ya huko huanzia kina kinachozidi kilomita 20, mengine kinachozidi 30. Sasa tetemeko la kilomita 35 limetokea kwenye ganda, au tayari ni mantili, tabaka lililo chini ya ganda? Hutajibu kama hujui ganda linaishia wapi. Mantili ina densiti ya kama gramu 3.3 kwa sentimita moja ya ujazo, ganda 2.7 hadi 2.9. Ganda likipungua kilomita 1 na mantili ikapanda kushika nafasi yake, kipimo cha mvutano juu ya ardhi huongezeka kwa takriban miligali 17 (miligali moja ni kama sehemu ya milioni ya mvutano wa dunia). Gravimita kama Scintrex CG-5 husoma hadi sehemu ya elfu ya miligali moja.

Usomaji huo mzuri usikulevye. Mita 1 ya kosa la mwinuko inakugharimu takriban miligali 0.2, kwa hiyo achana na mwinuko wa simu; azima GPS ya wapima ardhi. Ukitoka Moshi mjini hadi Arusha mjini unapanda kama mita 500, na kwa kupanda huko tu kipimo hushuka karibu miligali 100. Halafu kuna milima. Ukipima Marangu, Kilimanjaro iliyokuzidi kimo inakivuta kifaa chako kwenda juu na kupunguza kipimo. Bonde lililo chini yako nalo hupunguza, maana pale penye mwamba wa kuvuta pana hewa. Ukipuuza sahihisho la sura ya nchi, utaandika kwamba ganda la Marangu ni nene ajabu, kumbe umepima mlima.

Kwenye fildi yenyewe, kaa mbali na barabara. Fuso ikipita, namba kwenye kioo hucheza na unasubiri zitulie upya. Anzia kituo cha msingi asubuhi na ukirudie jioni, kwa sababu usomaji wa kifaa chenyewe huhama taratibu, na mwezi na jua huweza kubadilisha kipimo kwa miligali 0.2 au 0.3 ndani ya siku. Na pita kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza. Ukifungua boksi la manjano kando ya shamba la mtu, huku Mirerani ikiwa si mbali, hakuna atakayeamini kwamba hutafuti tanzanaiti.

Ninaloling'ang'ania zaidi ni hili: namba zilezile hubeba maelezo zaidi ya moja. Mwingereza Bullard alipima mvutano Afrika Mashariki miaka ya 1930, akaona upungufu juu ya mabonde ya ufa, akahitimisha kwamba ganda linabanwa kutoka pande mbili. Leo tunajua linavutwa, linapanuka. Upungufu ule unatokana na mashapo mepesi ya bondeni na mantili yenye joto chini yake. Vipimo vyake vilikuwa vya kuheshimika. Tafsiri ndiyo iliyokwenda kinyume.

Kwa hiyo usiwasilishe modeli moja. Chora mbili zinazolingana na data yako, kisha tafuta matokeo ya mawimbi ya matetemeko yakusaidie kuchuja. Vipimo vya mvutano vya mara moja pia havioni tukio likipita: mwaka 2007 eneo la Gelai, karibu na Ziwa Natron, lilitikiswa kwa wiki kadhaa, tetemeko kubwa kuliko yote likiwa la ukubwa wa 5.9, na chanzo kilikuwa magma (mwamba ulioyeyuka) iliyojipenyeza ardhini. Ramani iliyopimwa miaka kumi kabla isingekudokezea.

Kama huna hela ya gravimita, data za GOCE, setilaiti iliyopima mvutano wa dunia (2009 hadi 2013), ni za bure. Zinaona vitu vya upana wa kama kilomita 100, zinatosha kulinganisha kratoni ya Tanzania (kiini cha kale na kigumu cha bara) na ufa. Kwa ufa mmoja mdogo nyuma ya Mto wa Mbu, utalazimika kutembea.