Geuza Kijiko Kwanza: Kwa Anayeanza Kazi ya Vyombo vya Fedha vya Marekani

Mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ya mnada huku New England, niliwekewa mezani vijiko sita vilivyoviringishwa kwenye karatasi ya gazeti. Vilikuwa vyepesi, vimefifia, na neno STERLING, linalogongwa kwenye fedha ya kiwango cha juu, halikuwepo popote. Nyuma ya mpini kulikuwa na jina la mtu tu, limegongwa ndani ya kiboksi kidogo. Nikavitia kwenye kreti la vitu vya kuchovya, yaani vya metali nyingine vilivyopakwa fedha juu, vile vinavyouzwa kwa fungu. Mzee aliyekuwa akinifundisha kazi akapita, akachukua kimoja, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ncha, kisha akanirudishia mkononi bila kusema neno. Nikatazama. Ncha ilikuwa imelika upande wa kushoto, kama kinavyolika kijiko kilichotumiwa miaka mingi na mtu wa mkono wa kulia. Pale palipolika, rangi ilikuwa ileile nyeupe. Hakukuwa na wekundu wala umanjano chini yake. Ilikuwa fedha ndani na nje, imefuliwa miaka ya 1830 hivi, na mimi nilikuwa nimeitupa na takataka.

Nawaandikia mnaoanza sasa, iwe ni mnadani, dukani kwa vitu vya kale, kwenye ghala la makumbusho, au kwenye zile kazi za kuondoa vyombo katika nyumba za marehemu. Wengi wetu tuliokulia pwani tunafika na jicho zuri. Tumekaa kwenye viti vya masonara tukimsubiri mama, tumeona mkufu ukipimwa kwa tola, tunajua bangili ya kuchovya inavyotoa rangi baada ya msimu mmoja wa jasho. Jicho hilo ni mtaji. Ila vyombo vya Wamarekani wa karne ya 19 vina desturi zake, na usipozijua utadanganyika kwenye vitu ambavyo hata havikukusudia kukudanganya.

Kubwa kuliko yote ni hili: kwa karibu karne nzima hiyo, hakuna aliyesimama nyuma ya muhuri isipokuwa mfua fedha mwenyewe. Uingereza ilikuwa na ofisi maalumu za kupima fedha, na chombo hakikugongwa alama zake mpaka kipimwe. Marekani haikuwa na mfumo wa namna hiyo. Mji wa Baltimore peke yake ulijaribu, ukaweka mpimaji kuanzia 1814 hadi 1830, basi. Sheria ya taifa zima juu ya maneno yanayogongwa kwenye fedha na dhahabu ilikuja 1906. Kwa hiyo unaposoma nyuma ya kijiko unasoma ahadi ya mtu. Wengi waliitimiza, na hilo huwa linanigusa nikifikiria kwamba hakuna aliyekuwa akiwalazimisha. Lakini kazi yako ni kuisoma ahadi, kisha kukiuliza chombo chenyewe.

Wafuaji wa nusu ya kwanza ya karne walipata fedha kwa kuyeyusha sarafu na vyombo vikuukuu vya wateja wao. Sarafu za Marekani zilikuwa na sehemu 892 za fedha katika kila 1000, na mwaka 1837 kiwango kikapandishwa hadi 900. Ndiyo maana fedha ya zama hizo huitwa fedha ya sarafu, na utakuta imegongwa COIN, PURE COIN, DOLLAR, au herufi C au D peke yake. Mara nyingi sana haina hata hayo, ni jina tu kama vile vijiko vyangu sita. Na jina hilo huenda ni la mwenye duka aliyeviuza, si la aliyevifua. Kiwango cha sterling, yaani 925, kampuni ya Tiffany ya New York walianza kukishika mwanzoni mwa miaka ya 1850, na Gorham wa Providence wakakifuata 1868. Kwa hiyo kukosekana kwa neno STERLING kunaweza kuwa dalili ya umri. Mgeni wa kazi huona upungufu, mzoefu husogeza taa karibu.

Umbo litakusaidia pale muhuri uliponyamaza. Mpini uliokatwa pembe mwishoni kama jeneza ni wa kuanzia mwisho wa karne ya 18 hadi 1810 hivi. Uliopanuka kama fidla ulitawala baada ya hapo mpaka katikati ya karne. Ukikuta umegongwa kikapu cha maua au mganda wa ngano, uko kwenye miaka ya 1820 na 1830.

Sasa zipo zile alama zinazofanana na za Kiingereza: tai, nyota, kichwa cha mtu, zimepangwa mstarini kama askari. Wafuaji wa New York na kwingineko walizigonga kwa sababu mteja alizoea kuziona kwenye vyombo kutoka ng'ambo. Hazitaji mwaka wala kiwango. Gorham nao walikuwa na simba, nanga na herufi G. Nimeona zaidi ya mara moja mtu mpya akiona nanga akaandika Birmingham, kwa kuwa nanga ndiyo alama ya ofisi ya Birmingham. Kumbe nanga ni ya jimbo la Rhode Island, ambako Gorham walikuwa na kiwanda. Hawa Gorham jifunze alama zao mapema, maana kuanzia 1868 waliweka herufi ya mwaka kwenye vyombo vyao vikubwa: A ni 1868, zikaenda hadi Q ya 1884, kisha wakaanza kutumia vipicha vidogo. Ni msaada ambao wenzao wengi hawakutupa.

Na liko jina moja ambalo ukilikuta usiendelee na kazi, mwite mkuu wako: P. BENTZON. Peter Bentzon alizaliwa kisiwa cha St. Thomas karibu na 1783, mtu mweusi huru, akajifunza ufundi Philadelphia, akafanya kazi huko na St. Croix. Vyombo vyake vinavyojulikana ni vichache. Mimi kila nikishika kijiko chenye kiboksi cha jina huwa nalitafuta hilo kwanza, kabla ya Paul Revere, yule mfua fedha maarufu wa Boston.

Tuje kwenye vya kuchovya, maana ndivyo vitakavyojaza meza yako. Elkington wa Birmingham alipata hataza ya kuchovya kwa umeme mwaka 1840, na muda si mrefu mafundi wa Connecticut wakawa wanaifanya kazi hiyo. Karibu kila wiki mtu atakuletea sanduku la vijiko vilivyogongwa 1847 ROGERS BROS. na atakwambia kwa uhakika kwamba vilitengenezwa 1847, vya bibi yake mzaa bibi. Huo si mwaka wa kijiko. Ni sehemu ya jina la biashara, kumbukumbu ya mwaka ambao ndugu wa Rogers walianza kuchovya huko Hartford. Meriden Britannia Company waliichukua chapa hiyo 1862, na iliendelea kugongwa hata karne ya 20. Mwambie mteja taratibu, umsikilize na habari za bibi, kwa sababu habari hizo ni za kweli hata kama mwaka sio.

Maneno mengine ya kuchovya ni EPNS (fedha iliyochovywa kwa umeme juu ya metali yenye nikeli), A1, TRIPLE PLATE na QUADRUPLE PLATE. Hilo la mwisho huwatia watu tamaa: mara nne! Ni mara nne ya tabaka jembamba sana. Chini yake mara nyingi kuna britania, mchanganyiko wa bati nyingi, antimoni na shaba kidogo, ambao ni laini, unabonyea, na ukiuweka karibu na moto unayeyuka mbele ya macho yako. Usimruhusu mtu yeyote kuulehemu asiyeujua. Chini ya vijiko na uma kwa kawaida kuna shaba, nikeli na zinki, ile Wamarekani waliyoiita fedha ya Kijerumani ingawa haina fedha hata chembe. Hapo sumaku haikusaidii, haishiki hiyo wala haishiki fedha. Tazama palipolika: mgongo wa kijiko, ncha za uma, ukingo wa sinia, kitako cha buli. Fedha haina kitu cha kuficha chini yake. Tindikali ya kupimia fedha ipo, lakini usiiguse mpaka uruhusiwe, kwa sababu lazima ukwaruze kwanza, na mkwaruzo haufutiki.

Pamoja na bei zake ndogo, mimi navipenda vya kuchovya, kwa kuwa ndivyo vilivyoingia nyumba za watu wa kawaida. Shika jagi la maji ya barafu. James Stimpson alipata hataza yake 1854: kuta mbili, na nafasi katikati ili barafu isiyeyuke upesi. Baadaye likawekewa kaure ndani, na kwa kuwa lilikuwa zito kumshinda mtu kulinyanyua limejaa, likatundikwa kwenye kiunzi chake, unalisukuma kidogo linainama lenyewe kwenye bilauri. Ukilipata, liinamishe mwenyewe kwa mikono miwili. Utasikia uzito ukihama, utaelewa kwa nini familia ya karani ilijinyima ili liwe sebuleni wageni wakija.

Kuhusu kusafisha, hapa ndipo nimeona hasara nyingi kuliko kwenye bei. Weusi wa fedha unatokana na salfa: mayai, sufu, mipira, hewa yenyewe. Si uchafu, ni fedha ileile iliyobadilika, na kila ukisugua unaondoa fedha. Dawa ya meno usiguse. Ile dawa ya kutumbukiza inayong'arisha kwa sekunde kumi usiguse. Tumia pamba laini, maji, na unga laini wa chaki, na weusi ulioko ndani ya nakshi uache. Fundi aliutegemea huo kivuli. Glavu ziwe za naitrili au pamba, za mpira wa kawaida zina salfa. Kidau cha chumvi kikaguliwe kwanza, maana chumvi hutoboa fedha, ndiyo sababu ndani walikipaka dhahabu.

Visu usiviloweke katika maji moto. Nililoweka dazeni moja asubuhi ya mnada, nikidhani nafanya uungwana. Mipini ya visu vile huwa na uwazi ndani uliojazwa ulimbo, na ulimbo ukalainika. Nilipoinua cha kwanza, ubapa wa kisu ulibaki ndani ya beseni na mpini ukabaki mkononi. Vinne viliachana hivyo. Mwenye mali alisimama mlangoni.

Uangalifu huo uongeze mara mbili ukikutana na Tiffany wa miaka ya 1870 na 1880, enzi za Edward C. Moore, walipokuwa wakifuata mtindo wa Kijapani. Wanakuwekea samaki wa shaba nyekundu na jani la metali nyingine juu ya jagi la fedha lenye alama za nyundo. Sheria za Uingereza hazikuruhusu kuchanganya hivyo. Kule kule kukosa mpimaji nilikokulalamikia juu ndiko kulikowapa uhuru huu. Rangi zile ni za makusudi, kila moja. Kitambaa cha kung'arishia kikipita hapo mara moja, kazi imekufa.

La mwisho liko kwenye mpini wa buli. Juu na chini, mpini unapoungana na tumbo, utaona visahani viwili vyeupe vyembamba. Ni pembe ya ndovu, iliwekwa ili joto lisipande mkononi. Mipini ya visu vingi pia ni hiyo. Mistari inayokatana kama nyavu kwenye sehemu iliyokatwa ndiyo alama yake. Mfupa una vidoa vyeusi, na seluloidi, plastiki ya zamani ya kuigiza pembe, ina mistari iliyonyooka mno. Sheria ya Marekani ya 2016 inabana biashara ya pembe, na majimbo kama New York na California yana masharti makali zaidi, kwa hiyo uliza kabla chombo hakijapigwa picha.

Wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Massachusetts, walikuwa Zanzibar tangu mapema, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani huko, Richard Waters, alifika 1837. Pembe zilizobebwa mabegani kutoka Tabora na Ujiji hadi Bagamoyo ziliishia Connecticut, katika vijiji vya Deep River na Ivoryton, zikawa vitana na vibao vya piano. Ninapoandika maelezo ya buli kwa ajili ya katalogi, wenzangu wengi huandika "vizuizi vyeupe." Mimi naandika pembe ya ndovu, vipande viwili, na upana wake kwa milimita.