Jibu: Utalii wa ikolojia, tuanze na hoteli au barabara?

Mwenzangu, umeuliza eneo lenye msitu, maporomoko ya maji na ndege wengi lianze na hoteli au barabara. Mimi ningeanza na waongoza watalii. Mpenda ndege hulala popote penye chandarua na maji safi, lakini hafungi safari kwenda mahali ambapo hakuna wa kumwonyesha ndege aliyemfuata. Wafundisheni vijana wanaoujua msitu, wawindaji wa zamani wakiwemo (hao mara nyingi ndio wakali wa kusoma nyayo na milio), waandike kipi kinaonekana wapi na mwezi gani. Orodha hiyo ndiyo bidhaa yenu.

Kikomo cha wageni kiwekeni mapema, kabla hawajafurika. Baadaye hakuna atakayekubali. Rwanda huruhusu watu 8 tu kwa siku kwa kila familia ya sokwe wa milimani (gorila), kwa muda wa saa moja, na mwaka 2017 ilipandisha bei ya kibali cha kuwaona hadi dola 1,500. Si kila msitu una sokwe, kwa hiyo msinakili bei, nakilini utaratibu. Kule asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa hurudi kwa jamii jirani. Nanyi andikeni mgao wenu sasa: nani anashika hesabu, na zinasomwa lini mbele ya wanakijiji.

Barabara ipitike tu wakati wa mvua, hiyo inatosha. Ikifika hadi maporomokoni, wapasua mbao nao wataitumia.