Mpangaji aliyemuuguza baba hajalipa kodi

*Shangazi, shikamoo. Sisi ni watoto watano. Baba alifariki mwaka juzi akatuachia nyumba ya vyumba sita huku Mbagala, na kwenye kikao cha arobaini ndugu zangu wakanichagua mimi niisimamie. Chumba cha uwani anakaa mama mmoja mjane, anauza vitumbua. Baba alipopooza, huyo mama ndiye aliyempikia uji na kumgeuza kitandani sisi tukiwa kazini. Sasa ana miezi saba hajalipa kodi, elfu hamsini kwa mwezi. Kaka yangu mkubwa anasema nimfungie kufuli, akikaidi ning'oe bati. Wapangaji wengine wanasema mbona yule halipi, na wawili wameanza kuchelewesha. LUKU ni moja, ugomvi kila siku. Choo nacho kimejaa. Naona aibu hata kumtazama usoni. Nifanye nini?*
*Msimamizi, Mbagala*

Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kumpoteza mzee.

La kufuli na bati liondoe kabisa. Mpangaji hatolewi kwa nguvu hata kama anadaiwa. Anapewa notisi ya maandishi, mnakaa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ikishindikana mnapita Baraza la Kata kwa usuluhishi, ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukimng'olea bati, wewe unayedai ndiwe utakayeshtakiwa. Na majirani wote hapo wanajua nani alikuwa anambadilishia baba yenu shuka.

Sasa barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kitu kimoja sijakiona: siku uliyomwambia huyo mama kwamba anadaiwa. Haimo. Naamini hujawahi kumwambia. Umepita uwani miezi saba ukiangalia pembeni, naye miezi saba anakuona unapita. Jiweke mahali pake. Amemuuguza mzee hadi mwisho, mzee amezikwa, watoto wake hawamgongei mlango. Huenda anaamini mmemsitiri. Huenda anajua anadaiwa na hapati usingizi, kila akisikia viatu kwenye korido anadhani leo ndiyo leo. Hata wewe hujui lipi kati ya hayo, kwa sababu hakuna aliyesema neno.

Deni lake kwenu ni laki tatu na nusu. Ninyi nanyi mna deni kwake ambalo hamjalitaja hata siku moja. Mmeyaacha madeni hayo mawili yachanganyikane kimyakimya, ndiyo maana huna macho ya kumtazama. Yatenganisheni.

Na hapo si wewe peke yako. Nyumba ni ya watoto watano. Kumsamehe huwezi peke yako, kama vile kumfukuza huwezi peke yako. Tena nikuulize, mahakama ilikuteua? Kuchaguliwa kwenye arobaini hakutoshi. Mnachukua muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo, mnafungua mirathi Mahakama ya Mwanzo, na mahakama ndiyo inayomteua msimamizi. Ukishateuliwa unapeleka orodha ya mali, kisha hesabu. Kama hilo halijafanyika, lianze mara moja, maana leo unakusanya kodi ya ndugu zako bila kinga yoyote. Siku wakigombana, daftari lako lenye miezi saba mitupu ndilo litakalofunguliwa kwanza.

Waite ndugu zako. Ushauri wangu ni huu: miezi saba ile isamehewe yote, iandikwe kwenye daftari kuwa ni shukrani ya familia kwa kumuuguza mzee, mtie saini wote watano. Halafu mwende kwake pamoja, na kaka yako mkubwa ndiye aseme. Nalisisitiza hili. Aliyetaka kung'oa bati ndiye atamke asante, mama yule aisikie kinywani mwa mkubwa wenu. Nadhani hata kaka mwenyewe ataondoka pale amepoa.

Kisha mwambieni kuwa kodi inaanza upya mwezi ujao, kama ya mpangaji yeyote, ila msimdai kwa mkupuo. Mimi nimekulia chumba cha kupanga Magomeni, mama yangu akishona nguo. Mwenye nyumba wetu alikuwa akipita kila Ijumaa kuchukua kidogo, na hatukuwahi kudaiwa hata mwezi. Muuza vitumbua anashika hela kila asubuhi, na kila jioni imeshaingia kwenye unga, mafuta na mkaa. Ukimwambia alete laki na nusu ya miezi mitatu, hana pa kuitoa. Elfu kumi na mbili na mia tano kwa wiki anaweza kuipata. Kila akilipa, mwandikie risiti.

Wapangaji wengine wakiuliza, mtakuwa na jibu la kusema kwa sauti. Wale wawili wanaochelewesha, wadai kama kawaida.

LUKU ifungieni mita ndogo kila chumba, kwa fundi wa umeme anayeeleweka. Mwenye friji hawezi kuchanga sawa na mwenye taa moja, na mtapatanisha hadi mchoke. Kuna jambo hukuliandika ila nahisi limo ndani ya ugomvi huo: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida kama yenu sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Hiyo ni yenu wenye nyumba. Aliyenunua umeme akakatwa, mpunguzieni kwenye kodi ya chumba. Ni hela ndogo, lakini mpangaji anaihesabu, na ana haki.

Choo kinyonywe wiki hii. Toa hela kwenye kodi kabla hamjagawana, na kuanzia sasa msigawane yote, tengeni fungu la ukarabati. Najua wapo watakaowashauri msubiri masika mkitapishe mvua ikinyesha. Msikubali. Yale maji yataingia kwenye nyumba za majirani na watoto wao, na kipindupindu Dar es Salaam tunakijua. Piga simu gari lije kesho, halafu ndiyo uwapigie ndugu zako.

Shangazi yako