Riteina imepotea? Usingoje mwisho wa mwezi, mimi nilingoja

Mleta uzi, swali lako la kuosha riteina kwa maji ya moto tutalifikia baadaye. Umeandika kwamba riteina ya juu, kile kifaa cha kushika meno yasirudi yalikotoka baada ya kutoa nyaya za kunyooshea, uliifunga kwenye tishu pale kwenye sendofu ya shemeji yako Jumamosi, wahudumu wakasafisha meza, ikaenda na makombo. Na kwamba utatoka Dodoma kuja Dar kutengeneza nyingine mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, "maana meno yameshatulia". Leo tarehe 6. Nilipofika hapo nikaweka chai chini.

Nani kakwambia yametulia? Umetoa nyaya miezi minne tu iliyopita!

Mimi neno hilo hilo liliniponza. Yangu ilikuwa kibanda cha chipsi Sinza, tishu vilevile, na yule dogo wa kukusanya sahani ana kasi ambayo huioni akitumwa chenji. Nikaenda nyuma kwenye pipa na tochi ya simu. Nimeshika maganda ya mayai, nimeshika mifupa ya kuku iliyotafunwa na watu nisiowajua, nimefungua tishu moja moja kama mtu anayefungua zawadi. Sikuipata. Muuza chipsi akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia meno. Akanitazama mdomoni, akaona yote yapo, akarudi kwenye karai lake kimya.

Hapo bado sijafanya kosa. Kupoteza ni ajali. Kosa nililifanya kesho yake. Nilipiga simu kliniki, na binti wa mapokezi (si daktari, wa mapokezi) akaniambia, "Aah kaka, umeshavaa miezi mitano, meno yameshakomaa hayo, njoo tu ukipata nafasi." Ukipata nafasi! Nimelipa milioni tatu na laki mbili kwa awamu, miaka miwili sijagusa muwa wala hindi la kuchoma, halafu mtu wa kupanga miadi ananipa ruhusa ya kuyaacha meno yajiendee. Haya, na mimi nilikuwa naitafuta sana hiyo ruhusa, sikatai. Kodi ya nyumba ya miezi sita ilikuwa inaningoja.

Nafasi nikaipata baada ya wiki 11.

Mimi nilikuwa na mwanya. Msinipige mawe, najua mwanya ni urembo, na shangazi yangu mpaka leo hajanisamehe kwa kuuziba. Lakini wangu haukuwa ule wa kuimbiwa taarabu, ulikuwa unapitisha mrija wa soda. Basi wiki ya tatu bila riteina nikaona kipande cha mchicha kimekaa katikati, palepale pa zamani. Nikasema ni mchicha tu. Wiki ya sita ulimi ukawa unaenda pale wenyewe. Nikasema ni mawazo.

Siku niliyokwenda, daktari alikuwa bado ana sanamu ya plasta ya meno yangu, ile ya siku nyaya zilipotoka. Riteina ikatengenezwa juu ya ile sanamu. Kwenye plasta ikakaa kama imezaliwa pale. Kwangu ikagoma: nyuma imeingia, mbele imening'inia kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Nikataka kuisukuma kwa kidole gumba, akanishika mkono. Ndipo akanieleza kitu ambacho mapokezi hawakijui: jino halijapigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye saruji. Linashikwa na nyuzi, na nyaya zikilihamisha, nyuzi za kwenye ufizi zinavutika nalo. Zinaweza kuchukua mwaka mzima hivi kujipanga upya, na muda wote huo zinalivuta jino lirudi kwao. Na mwanya ni mkaidi hasa kwa kurudi. Ufizi hauna habari kama umemaliza kulipa.

Nikafungwa nyaya tena, meno ya juu, miezi 8, milioni moja na laki mbili. Kidevu kina mvi, mdomoni nyaya. Ofisini wakaniita fundi umeme. Safari hii daktari kanigandishia na waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele, na riteina navaa kila usiku juu yake. Nikamuuliza mpaka lini. Akasema, mpaka siku utakayokuwa hujali tena yakipinda.

Kwa hiyo ndugu yangu, ikipotea ni siku hiyo hiyo. Imepotea usiku, asubuhi uwe mlangoni. Si lazima awe aliyekufunga nyaya, daktari wa meno yeyote hapo Dodoma anayetengeneza riteina anaweza kukung'atisha ule uji mzito wa kuchukulia umbo. Kama humwamini mwingine, treni ya SGR ipo, unapanda asubuhi, mchana umeshakaa kwenye kiti Dar. Hela kopa. Kwa kawaida mimi ndiye wa kuwaambia watu wasikope, lakini hii kopa. Na ya chini kama bado unayo, vaa, usije ukaivua kwa huzuni ya mwenzake.

Na wewe uliyemjibu pale juu "vaa siku ukikumbuka", Mungu anakuona.

Haya, maji ya moto: hapana. Hizi za plastiki angavu zinatengenezwa kwa kulainisha plastiki kwa joto na kuikandamiza juu ya sanamu. Ukiitia maji ya moto unaendeleza kazi ya fundi bila sanamu. Maji ya baridi, mswaki laini, tone la sabuni ya vyombo, basi. Dawa ya meno inaikwaruza. Wakati wa kula iingie kwenye boksi. Boksi limesahaulika nyumbani? Ifunge kwenye leso uitie mfukoni, mezani isiguse. Mimi tishu hata ya mafua siku hizi naikunjua kabla ya kutupa.

Kulikuwa na swali la kithembe na jingine la harufu, wadau wengine watakusaidia. Mimi nataka kujua asubuhi hii umempigia nani. Kama aliyepokea ni wa mapokezi, mwambie akupe daktari.