Mzinga usio na mizoga

Swali la wiki hii liliuliza kama ni haki mfugaji wa nyuki adaiwe ushahidi mwingi kuliko mfugaji wa ng'ombe anapoomba msaada wa dharura wa serikali. Naona haki haipimwi kwa wingi wa ushahidi, bali kwa wakati unapodaiwa.

Marekani inafaa kutazamwa, kwa kuwa sheria yake ya kilimo ya mwaka 2014 iliifanya misaada hii kuwa ya kudumu. Kwa mwenye ng'ombe aliyekaukiwa na malisho, sheria hiyo ilitumia ramani ya ukame inayotolewa kila wiki: eneo lake likidumu katika ukame mkali kwa wiki 8 mfululizo, alistahili malipo bila kusubiri mnyama afe. Kilichobaki kwake kilikuwa kuonyesha kwamba mifugo na malisho ni vyake, au amevikodi.

Mwenye nyuki alipewa njia nyingine, inayofidia vifo. Vifo vya kawaida, vilivyokadiriwa kuwa asilimia 15 ya makundi ya nyuki, huondolewa kwanza. Aliyekuwa na mizinga 200 akapoteza 60 huhesabiwa hasara ya 30 tu, na kila mmoja hulipwa takriban asilimia 75 ya thamani yake. Makato hayo siyapingi, maana hakuna mfugaji asiyepoteza nyuki hata mwaka ukiwa mwema.

Kinachonikera ni ushahidi wa chanzo. Tangu majira ya baridi ya 2006 kuingia 2007, wafugaji wa huko walianza kukuta makundi yametoweka: majana, yaani watoto wa nyuki, yameachwa bila walezi, na ndani ya mzinga wala nje yake hakuna mizoga ya nyuki wakubwa. Kutokuwepo kwa mizoga ni mojawapo ya dalili ambazo kanuni za fidia zinazitambua, sambamba na kuonyesha kwamba utitiri wa varoa, vijidudu vinavyowashambulia nyuki, haukuwa umefikia kiwango cha kuleta hasara. Lakini ni nani atakayeupima utitiri katika mzinga ambao nyuki wake wamekwisha kuondoka? (Ng'ombe aliyekufa angalau hupigwa picha.)

Kwa hiyo ningependa mkaguzi afike kabla ya maafa, ahesabu makundi na kupima utitiri, kisha rekodi hiyo ndiyo itumike hasara ikitokea. Serikali nayo ingelinda fedha zake vizuri zaidi kwa njia hiyo kuliko kwa fomu zinazojazwa baada ya msiba. Halafu iko kasi ya malipo. Hadi mwaka 2018 mfuko wa Marekani unaotoa fidia ya nyuki ulikuwa na kikomo cha dola milioni 20 kwa mwaka, na maombi yakizidi kikomo, kila mmoja alipunguziwa. Kikomo kiliondolewa, lakini mfugaji bado anahitaji sehemu ya fedha kabla ya maua ya msimu unaofuata, wakati wa kugawa makundi yaliyosalia na kununua malkia wapya. Salio linaweza kusubiri hesabu ya mwisho.